Mpaka Ukibadilisha Sheria, Mtaji Mdogo Ndio Unaumia wa Kwanza

Hotuba ya kamati ya biashara kwenye mkutano mkuu wa umoja wetu, Uvira, Novemba 2024. Tunaiweka hapa kwa ajili ya wamemba wa Baraka, Kiliba na Sange ambao hawakuweza kufika.



Tuliombwa tuseme juu ya biashara ya mpakani, na tuliombwa tusiseme mengi. Tutajaribu. Lakini kwanza tuseme wazi kwa nini jambo hili limefika mbele yenu. Kisanduku cha kijani, kile cha mikopo, kimetoboka. Kuna mikopo saba haijarudi, na yote saba ilichukuliwa kwa kazi ya kuvuka Kavimvira. Kuna wamemba wamemwandikia sekretere wakiomba umoja uache kabisa kukopesha mtu wa mpakani. Wanasema: pesa ya wote isiende kuozea kwenye barriere. Leo mutapiga kura. Sisi tunawaomba kitu kimoja: musipige kura kabla ya kujua nini kilitokea.

Kilichotokea ni hiki. Wenzetu saba, wamama sita na kijana mmoja, walichukua kila mmoja dola 60. Walienda kununua nyanya na vitunguu upande wa Burundi, kazi ambayo wamekuwa wakiifanya kila wiki. Hawakuwa wageni wa njia ile. Siku hiyo, wakiwa wanarudi, waliombwa karatasi ya afya ya mimea, ile inayotoka kule mboga zinakotoka. Wiki iliyopita hakuna mtu aliyeiomba. Wiki ile ikaombwa. Hakuna tangazo, hakuna mtu aliyepita sokoni kueleza. Mizigo ikabaki pale.

Wawili kati yao walisikia shauri la watu wa kando ya barabara: pitisha usiku kwa pirogi, Ruzizi hailali. Walipitisha. Walikamatwa, mzigo ukaenda wote, na wakalipa amande juu yake. Watano walikataa. Walingoja siku tatu, mvua juu, jua juu. Nyanya ziliisha. Vitunguu viliokoka, lakini viliuzwa kwa bei ya huruma.

Tuliketi na wale watano nyumbani kwa mmoja wao, tukawaomba watoe karatasi zote na wahesabu kila franga iliyotoka mkononi. Walilipa mara tano. Mara mbili tu walipewa kitansi. Yale malipo mengine matatu hayakuwa na karatasi, na watu waliopokea hawakuwa na ofisi tunayoweza kuitaja, wala hatutaitaja. Na hapo ndipo tulipoelewa kitu kinachouma zaidi: karatasi ya afya, ile iliyowachelewesha, ilikuwa ya sheria kweli. Wangeijua, wangeitafuta kabla ya kupakia. Na malipo yale matatu, ambayo waliyalipa haraka bila kubisha juu waliyazoea, ndiyo hayakuwa ya sheria. Walibishana na kile cha haki, wakalipa kile cha bure. Hawakuwa wajinga. Ni kwamba hakuna mtu anayewaambia wenye mtaji mdogo sheria ni ipi.

Ndugu, sisi wote hapa tunajua maana ya sheria kubadilika usiku mmoja. Tuliokimbia 1996, na tuliokimbia tena 1998, tulivuka ziwa na vitu tulivyoweza kubeba. Tuliokuwa Lugufu na Nyarugusu tulianza biashara kwa kuuza nusu ya posho ili tununue chumvi na sabuni ya kuuza. Wale wa Nyarugusu wanakumbuka soko la pamoja, lile ambapo mkimbizi na mwenyeji walikutana. Siku lilipofungwa, hakuna aliyetuuliza madeni yetu yatalipwa namna gani. Na tuliporudi kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, kuanzia 2005, tulikuta hata huku kwetu mambo yamebadilika. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilikuwa kimenyamaza, na sukari ikawa kitu cha kuvusha.

Wazee wetu wanakumbuka CEPGL, ile jumuiya ya Zaire, Rwanda na Burundi iliyoanzishwa Gisenyi mwaka 1976. Mtu alikuwa na kikaratasi chake cha kuvuka, anaenda Bujumbura asubuhi, anarudi jioni. Vita vilipofika, jumuiya ikalala. Haikufutwa, ililala tu. Wale waliojenga biashara yao juu yake waliamka hawana kitu.

Na si lazima sheria itungwe hapa karibu ili itupige. Mwaka 2010, mwezi wa saba, Marekani ilitunga sheria kubwa juu ya mabenki, na ndani yake kulikuwa na kipengele juu ya madini ya Kongo. Watu wa huku wakaiita tu sheria ya Obama. Mwezi wa tisa Rais Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu mbili na Maniema, mpaka mwezi wa tatu 2011. Nia ilikuwa kukata pesa za wenye silaha. Lakini ulizeni mama aliyekuwa akipeleka mawese na samaki mkavu kwenye machimbo. Yeye hakuchimba hata jiwe moja, na wateja wake walikwisha katika wiki moja.

Mwaka 2020, corona. Mpaka ulifungwa kwa watu, lakini magari makubwa ya mizigo yaliendelea kupita. Fikirini jambo hilo. Mwenye lori alifanya kazi. Mwenye kubeba beseni kichwani alikaa nyumbani.

Na mwaka huu, mwezi wa nane, mumesikia ya Kasumbalesa. Kongo ilizuia bia na vinywaji baridi kutoka Zambia, Zambia nayo ikafunga mpaka. Baada ya siku chache wakubwa wakaongea, ukafunguliwa. Kwa wakubwa ni siku chache. Kwa mtu mwenye nyanya, siku chache ni mtaji wote.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo linasemwa kila mahali, kutoka soko la Mulongwe mpaka Kalundu: EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kuna uvumi mwingi, na uvumi umeshawagharimu wengine wetu. Tuchukue mmoja mmoja.

Uvumi wa kwanza: "Tumeingia EAC, duane imekwisha." Hapana. Ni kweli tumeingia. Tarehe 29 Machi 2022 wakuu wa nchi walikubali Kongo. Tarehe 8 Aprili mkataba ulisainiwa Nairobi. Tarehe 11 Julai Kongo ilipeleka karatasi za kuuthibitisha kule Arusha, tukawa nchi ya saba. Lakini kuingia kwenye Jumuiya na kuanza kutumia ushuru wa Jumuiya ni vitu viwili. Burundi iliingia 2007, na ikaanza kutumia ushuru wa pamoja 2009. Sisi bado hatujaanza. Mtu wa DGDA pale Kavimvira anafungua kitabu cha tarifu ya Kongo, si cha Arusha. Ukienda kumpigia kelele kwamba wewe ni mtu wa EAC, hatakusikia, na kwa sheria ya leo ana haki ya kutokusikia.

Uvumi wa pili: "Siku ile itakapoanza, kila kitu kinachotoka Tanzania hakitalipa." Hapana tena. Kinachoangaliwa ni mahali kitu kilipozaliwa. Mahali kilipopakiwa hapasaidii kitu. Mchele uliolimwa Mbeya ni wa Jumuiya. Mchele wa Pakistan ulioshushwa bandari ya Dar es Salaam, ukapanda treni mpaka Kigoma na kuvuka ziwa mpaka Kalundu, ni mchele wa Pakistan hata kama umeununua Kigoma kwa mtu anayeongea Kiswahili kizuri kuliko sisi. Kitenge kilichotengenezwa China ni cha China. Kwa hiyo ukinunua, uliza: hiki kinatoka wapi kweli? Na omba karatasi.

Uvumi wa tatu: "Mfanyabiashara mdogo halipi kabisa." Huu uko karibu na ukweli, na ndiyo sababu ni hatari. EAC ina utaratibu rahisi kwa wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti kifupi cha asili hapo hapo mpakani, bila kutafuta deklaranti. COMESA nayo ina utaratibu wa aina hiyo, wengine wanauita RECOS. Lakini utaratibu huo unaondoa ushuru wa forodha tu. Hauondoi karatasi ya afya. Hauondoi malipo mengine ya sheria. Nyanya za wenzetu zingekwama hata kama wangekuwa na cheti hicho mkononi.

Na hapa kuna kitu wengi hawakijui. Kongo iko ndani ya COMESA, iko ndani ya SADC, na sasa iko ndani ya EAC. Burundi iko COMESA. Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Maana yake, karatasi ya COMESA inayoweza kukusaidia kwa mzigo wa Bujumbura haina kazi kwa mzigo wa Kigoma. Ni ziwa moja, samaki ni wale wale, lakini karatasi ni tofauti kila gati.

Je, siku ushuru wa pamoja utakapofika kweli, nani atapata na nani atapoteza? Hatupendi kuwadanganya kwamba wote watapata. Tarifu ya Kongo ina ngazi za asilimia 5, 10 na 20. Ya EAC, tangu Julai 2022, ina 0, 10, 25 na 35, na kuna vitu wanavyovilinda zaidi. Mchele wa kutoka nje ya Jumuiya umewekewa asilimia 75. Sasa tazameni hapa ndani. Kuna wamemba wetu wanalima mpunga kwenye uwanda wa Ruzizi, huko Sange na Luberizi. Kwao hiyo ni habari njema, mchele wa Asia utapanda na wao watapumua. Kuna wamemba wengine wanauza mchele wa Asia kwa kikombe mtaani Kasenga. Kwao ni habari mbaya. Sheria moja, umoja mmoja, nyumba mbili. Tukianza kugombana wenyewe kwa wenyewe juu ya hilo, tumekwisha. Afadhali tuanze sasa kuwakutanisha: mwenye kikombe anunue kwa mwenye shamba.

Wauza mitumba nao wasikilize. Mwaka 2016 nchi za EAC zilikubaliana kupunguza mitumba mpaka ikome, ili viwanda vyao vya nguo viinuke. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola mbili na nusu. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikakaa imara, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nafasi ya kuuza nguo kule bila ushuru. Hatusemi nani alikuwa na haki. Tunasema: mama mwenye balo moja sokoni Uvira anaweza kuguswa na neno lililosemwa Arusha na jibu lililotolewa Washington, na yeye hajasikia hata moja.

Kuna jambo lingine ambalo halitoki Arusha, linatoka Bujumbura, nalo ni franga ya Burundi. Mwezi wa tano 2023 benki yao kuu iliishusha sana. Hata hivyo, leo bei ya dola ya benki na bei ya mtaani hazifanani hata kidogo. Mtaani ni zaidi ya mara mbili. Ndiyo sababu vitu vya Bujumbura vinaonekana rahisi kwetu wenye dola, na ndiyo sababu tunaona jirani zetu wakija mpaka huku kutafuta mafuta ya gari, juu foleni za kule haziishi. Wengine wetu wamepata faida nzuri hapo. Tunawaombea. Lakini faida inayotokana na shida ya jirani haidumu. Siku wakirekebisha pesa yao, au wakizuia kitu kutoka, bei itageuka asubuhi moja. Ukiwa umekopa kwa bei ya jana, utalipa kwa bei ya leo. Na usihifadhi akiba yako kwa marundi hata wiki moja.

Sasa kosa letu sisi, kamati. Hatuwezi kuongea juu ya wengine tu. Mkopo wa kisanduku cha kijani unarudi wiki ya nne, na hatuangalii mtu amefanya kazi gani. Tuliutunga hivyo kwa ajili ya watu wa butike. Mtu wa mpakani akikwama, wiki ya nne inamkuta hana kitu, anaona aibu, anaenda banki lamberi kukopa kwa riba ya kuchinja ili atulipe sisi. Wawili kati ya wale saba wako huko sasa hivi. Umoja wa watu waliorudi pamoja kwenye meli moja umewasukuma wenzao kwa mkopeshaji wa mtaani. Hilo linatuchoma.

Ndiyo sababu hatukubali pendekezo la kuwaacha watu wa mpakani. Tukiwaacha, hawataacha kuvuka. Hakuna kazi nyingine hapa, munajua. Watavuka na pesa ya banki lamberi, na watapitia mtoni usiku juu hawawezi kungoja siku tatu. Tunaleta mapendekezo manne.

La kwanza: mkopo wa mpakani uwe mbali na mkopo wa butike. Uwe mdogo zaidi, na mtu akileta ushahidi kwamba mzigo ulizuiwa kwa sheria mpya au mpaka kufungwa, aongezewe wiki nne bila riba. Ushahidi ni karatasi, si maneno.

La pili: wavuke kwa kundi. Watano wakipakia pamoja, mmoja anatafuta karatasi ya afya kwa wote, na gharama wanagawana. Mtu mmoja mwenye beseni anasukumwa. Watano wenye kitansi kimoja wanasikilizwa.

La tatu: kila malipo, kitansi. Kuna dekre ya tarehe 28 Machi 2002 inayotaja huduma za kufanya kazi mpakani, nazo ni nne: duane, ambayo leo ni DGDA, OCC, afya ya mpakani, na DGM. Tutaiandika kwa Kiswahili kwenye karatasi moja na kila memba wa mpakani aibebe. Si kwa ajili ya kugombana. Mtu akikuomba pesa, muulize kwa heshima: baba, wewe ni wa huduma gani, na kitansi kiko wapi? Tukilipa bila kitansi, tunamlea huyo huyo anayetukaba.

La nne: watu wawili wa kamati, kila Jumatatu, waende kuuliza pale ofisini na kwa wenzetu wa upande wa pili ni nini kimebadilika, halafu wakiseme sokoni kabla ya saa mbili. Habari ya wiki moja mapema ingeokoa nyanya zile.

Na juu ya ile mikopo saba: wale watano waliongoja, tunaomba wapewe miezi mitatu. Wale wawili wa pirogi, tunajua kuna hasira. Tunaomba nao wapewe miezi mitatu, lakini wasikope tena kabla hawajamaliza. Walikosea. Lakini tukumbuke wote hapa tuliwahi kuvuka maji usiku, na hatukuwa wezi.

Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuliyokubaliana: baada ya maswali mengi, mkutano ulikubali pendekezo la kwanza, la tatu na la nne. La pili, la kuvuka kwa kundi, limeachwa lijaribiwe na kundi moja kwa miezi mitatu, juu wengine waliogopa kwamba mzigo wa mmoja ukiwa na shida utawakwamisha wote. Wale watano wamepewa muda. Juu ya wale wawili, wazee waliomba wiki mbili za kuongea nao kwanza, na sisi tumekubali kungoja. Karatasi ya huduma nne itapatikana kwa sekretere kuanzia Jumamosi ijayo. Mwenye kuhitaji alete franga za kopi tu.